Kazi ya Kukaa na Kumtazama Mtoto



Kijana akirudi nyumbani na matokeo ya kidato cha sita akasema anataka kusomea udaktari, mjomba hutabasamu mpaka jino la mwisho. Akisema uhasibu, hakuna wa kumuuliza swali. Lakini aseme anataka kusomea makuzi ya mtoto na mambo ya familia, tena asome mpaka shahada ya uzamivu, aje kufundisha chuo kikuu. Sebule nzima itamgeukia. "Bibi yako kalea watoto tisa, alisomea wapi?"

Swali hilo lina kejeli, ila si la kipuuzi. Bibi alijua mengi. Kilio cha njaa na kilio cha usingizi alivitofautisha akiwa jikoni, bila kuinuka. Taabu ni kwamba alichokijua hakikufika kwenye meza ya anayepanga taratibu za wodi ya watoto, wala ya anayeamua likizo ya uzazi iwe ya siku ngapi, wala ya anayesimamia vituo vya yatima. Kuna watu ambao kazi yao ya maisha imekuwa kukifikisha huko. Na mmoja wa mashuhuri kabisa kati yao alipata somo lake kubwa hapa Afrika Mashariki, katika vijiji vya kuzunguka Kampala, wakati ambapo hakuwa na cheo chochote. Alikuwa amekuja kama mke wa mtu.

Kabla sijamfikia, niseme kidogo taaluma hii ilikotoka, maana asili yake inachekesha. Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, mama mmoja mwanaharakati, Cora Bussey Hillis, aliwabana wakubwa kwa hoja nyepesi: kama fedha za umma zinatumika kuchunguza nguruwe na mazao ili vistawi, kwa nini mtoto wa kawaida, mzima wa afya, naye asichunguzwe? Mwaka 1917 kituo cha utafiti wa ustawi wa mtoto kikafunguliwa katika chuo kikuu cha Iowa. Kwingine taaluma ilichipuka kutoka idara za sayansi kimu, zile za mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba. Chuo Kikuu cha Cornell kilifikia hatua ya kuazima watoto wachanga kutoka vituo vya yatima ili wanafunzi wa kike wajifunzie malezi kwa zamu katika nyumba ya chuo. Wa kwanza walimwita Dicky Domecon, na jina hilo la ukoo lilikuwa kifupisho cha jina la somo lenyewe. Mtoto akipita mikononi mwa wanafunzi kadhaa kwa mwaka. Utaratibu huo ulidumu toka 1919 hadi 1969, na mimi kila nikiufikiria najiuliza kama kuna aliyewahi kumtazama mtoto mwenyewe alivyoyapokea hayo mabadiliko ya mikono.

Basi, tumrudie mwanamke wetu.

Mary Salter alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1913, akakulia Toronto, Kanada. Huko huko alisoma saikolojia mpaka uzamivu, akaupata mwaka 1939. Mwalimu wake, William Blatz, alikuwa na wazo kwamba mtoto mwenye uhakika na mzazi wake ndiye anayethubutu kwenda mbali na kuchokonoa dunia. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto aliingia jeshi la wanawake la Kanada, akafikia cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, mume akawa anakwenda London kumalizia masomo, naye akamfuata. London hakuwa na kazi. Akaona tangazo gazetini, akaomba, akajikuta kwa daktari wa akili John Bowlby, aliyekuwa akichunguza athari za mtoto kutenganishwa na mama yake. Katika timu ile alikuwamo pia James Robertson, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na watoto wodini na kuandika kila alichokiona. Zama hizo hospitali za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu. Kalamu ya Robertson, na baadaye kamera yake, viliwaonyesha madaktari kwamba yule mtoto "aliyetulia" siku ya tatu alikuwa amekata tamaa.

Mary Ainsworth alizisoma zile daftari, akasema moyoni kwamba siku akipata utafiti wake mwenyewe atafanya hivyo hivyo. Ila hoja kubwa ya Bowlby, kwamba mtoto anazaliwa akiwa tayari na silika ya kumng'ang'ania mlezi wake, hakuiamini. Aliona mtoto anampenda mama kwa sababu mama ndiye mwenye maziwa. Ndivyo wengi walivyofundishwa wakati ule.

Mwanzoni mwa 1954 mume akapata nafasi Makerere, katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Mke akafuata tena. Mkurugenzi wa taasisi, mwanaanthropolojia Audrey Richards, akamtafutia fedha kidogo za utafiti, na mkalimani, Bi Katie Kibuka. Naomba mlishike jina hilo, maana katika taaluma hii jina la mkalimani hupotea kwanza.

Hebu tupime pia majira yenyewe. Novemba 30, 1953, gavana wa Kiingereza alikuwa amemwondoa Kabaka Mutesa wa Pili nchini na kumpeleka uhamishoni Uingereza. Buganda ilikuwa na msiba na hasira, na Kabaka hakurejea mpaka Oktoba 1955. Katikati ya hayo, mwanamke wa kizungu anapita vijijini akiomba akae kwenye sebule za watu awatazame watoto wao. Akakubaliwa. Watu wanaosimulia habari za Ainsworth hupenda kusifu akili yake, nami naisifu, lakini ule mlango uliofunguliwa nausifu zaidi.

Alikwenda kwa familia katika vijiji sita. Watoto walikuwa 28, mama zao 26. Kila baada ya wiki mbili aliwatembelea, saa mbili kila mara, alasiri, saa ambayo akina mama wamemaliza kazi za shamba na wako tayari kupokea wageni. Hii ni hekima ya kwanza ya kazi hii na haifundishwi darasani: utafiti wake ulifuata ratiba ya wenyeji. Alijifunza Kiganda kiasi cha kusalimia na kufuata mazungumzo. Mama akihitaji kupelekwa kliniki, alimpeleka kwa gari.

Alikwenda na swali lililomponyoka mapema. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake, akataka kuona mtoto anafanyaje kwa utengano ule. Kufika, akakuta nyumba nyingi hazifuati tena desturi hiyo. Mtafiti mwingine angekunja virago, au angetafuta kijiji "cha asili" zaidi. Yeye akabaki palepale na kuanza kutazama kilichokuwapo.

Na kilichokuwapo kilimshinda ubishi. Alimwona mtoto wa miezi michache akinyamaza kwa mama anapobembelezwa, na asinyamaze kwa mwingine. Akamwona wa miezi saba akitambaa kumfuata mama mlangoni. Akamwona mwingine akitoka miguuni kwa mama, akaenda kumchunguza mgeni, akageuka kuhakikisha mama bado yupo, akaendelea na safari yake. Watoto hawa walikuwa wakitenda. Waliita, walifuata, walichagua wa kumchekea. Maziwa peke yake hayakuweza kueleza haya. Ainsworth akakubali kwamba Bowlby alikuwa na haki, na jambo ambalo Bowlby alilijenga kwa nadharia London, yeye sasa alikuwa nalo kwa macho, kutoka Buganda.

Akawapanga watoto wake. Kwa hesabu yake, 16 walikuwa na mfungamano salama na mama zao. Saba walikuwa na wasiwasi, wanalia sana hata wakiwa mikononi mwa mama. Watano walikuwa hawajaonyesha bado kumpambanua mama na watu wengine. Akatafuta kinachowatofautisha. Moja ya majibu yake ndilo ninalolipenda kupita yote: wale akina mama waliojua kumsimulia mtoto wao, wanaokuambia bila kuulizwa kwamba huyu hupenda hiki, huchukia kile, jana kafanya hivi, ndio ambao watoto wao mara nyingi walikuwa salama. Mama anayemtazama mtoto ana mengi ya kusema juu yake. Rudini sasa kwa yule bibi wa watoto tisa, muone kama hakuwa na alichosomea.

Aliondoka Uganda mwaka 1955. Kitabu kilitoka 1967. Miaka 12! Vijana wanaoniuliza kuhusu taaluma hii huwa nawatajia tarehe hizo mbili kwanza, kabla hata ya mshahara.

Katikati ya miaka hiyo aliishi Baltimore, Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ndoa ikavunjika, na alikuwa katika chuo ambacho walimu wa kike hawakuruhusiwa kula meza moja na wanaume katika ukumbi wa chakula wa walimu mpaka 1968. Mwaka 1963 alianza kurudia kule Baltimore kazi aliyoifanya Buganda, safari hii kwa familia 26, kila wiki tatu, saa nne kila ziara, tangu mtoto akiwa na wiki tatu mpaka mwaka na kidogo. Karibu saa 72 kwa kila nyumba.

Hapo ndipo jambo lenyewe likapinda. Watoto wa Baltimore walizoea mama kuingia na kutoka chumbani. Mama akienda jikoni, mtoto anaendelea na mambo yake. Kile ambacho mtoto wa Kiganda alikionyesha wazi nyumbani kwao, huyu hakionyeshi. Ainsworth akaona inabidi amtoe mtoto nyumbani, ampeleke mahali pageni. Ndivyo lilivyozaliwa jaribio maarufu la Hali Ngeni. Chumba cha chuo, viti, vitu vya kuchezea, kioo ambacho mtafiti anaona kwa nyuma yake bila kuonekana. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wanaingia. Anaingia mtu asiyejulikana. Mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi tena. Yote kama dakika 20. Anayejua kulisoma hajali sana mtoto alivyolia. Anatazama mama akirudi inakuwaje: mtoto anamwendea, anatulia, anarudi kwenye mchezo? Anamgeuzia uso kana kwamba hakumwona? Anamng'ang'ania huku akimpiga teke kwa hasira?

Dakika 20! Mnaona hatari inakotokea. Ainsworth mwenyewe alikuwa na saa 72 za kila nyumba nyuma ya zile dakika 20, na ndizo zilizozipa maana. Dunia ya wasomi ikachukua dakika 20 na kuziacha saa 72. Ni rahisi, zina gharama ndogo, na mwanafunzi wa uzamili anaweza kuzimaliza kabla fedha hazijakatika. Jaribio likasafirishwa. Kaskazini mwa Ujerumani, mjini Bielefeld, karibu nusu ya watoto wakaonekana "wanaomkwepa mama". Sapporo, Japani, watoto ambao walikuwa hawajazoea kuachwa na mama hata kidogo walilia kwa uchungu, wakahesabiwa wengi kuwa wenye wasiwasi. Je, akina mama wa Bielefeld ni wabaya, na wa Sapporo wameharibu watoto? Au chumba kile kilikuwa na maana moja kwa mtoto huyu na nyingine kwa yule? Mabishano hayo yameajiri maprofesa wengi, na hayajaisha.

Mimi si katika wale wanaoona kwamba mzungu akichunguza mtoto wa Kiafrika basi ni wizi. Ila naona tofauti kubwa kati ya aliyekaa na aliyepita. Mfano huu hapa. Miaka ya 1950, hukohuko Kampala, daktari Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wachanga wa Uganda akakuta wako mbele ya wa Ulaya katika viungo: shingo, mgongo, kukaa. Kukawa na maelezo mengi, mengine ya kusema ni asili ya damu ya Mwafrika. Kisha mwaka 1972 wakaja Kenya mke na mume, Sara Harkness na Charles Super, wakakaa miaka mitatu kijijini Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis. Super akathibitisha kwamba watoto wa pale hukaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kama mwezi mmoja hivi. Lakini kutambaa, hapana, hawakuwatangulia. Damu gani hiyo inayowahisha kukaa na kusahau kutambaa?

Jibu lilikuwa uani, mchana kweupe. Akina mama walikuwa wakifundisha. Walimchimbia mtoto kishimo kidogo, wakampangia blanketi, wakamkalisha humo mgongo upate kuzoea. Walimshika mikono na kumtembeza. Kutambaa hawakukufundisha kwa sababu hawakukutaka. Mtu angeweza kupima watoto elfu moja kliniki asiligundue hilo, na aliyekaa nyumbani kwa watu angeligundua kabla ya chakula cha mchana. Harkness na Super baadaye wakawa maprofesa katika idara ya makuzi ya binadamu na familia, Chuo Kikuu cha Connecticut. Nadharia waliyoitoa mwaka 1986 inamtaka mtafiti aangalie pamoja mazingira anamoishi mtoto, desturi za kumlea, na yaliyomo kichwani mwa wanaomlea. Mzizi wake ni Kokwet.

Basi kijana wetu wa kidato cha sita yuko wapi katika habari hii?

Nafasi ipo, tena imeongezeka. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Mpango wa namna hiyo unahitaji watu wa kuusimamia, kuupima, na kusema ukweli pale usipofanya kazi. Kenya, chuoni na katika vituo vya utafiti, wako waliokwisha kuifanya kazi hii iwe yetu. Mfano ninaoupenda uko pwani, Kilifi. Watafiti wa pale, miongoni mwao Mkenya Amina Abubakar, walihitaji kujua kama mtoto aliyeugua vibaya anaendelea sawasawa na wenzake. Vipimo vya kununua Ulaya vilikuwa ghali, na vilimtaka mtoto wa Kilifi acheze na vitu ambavyo hajawahi kuviona. Wakatengeneza chao, kwa vifaa vya bei ndogo vya palepale, wakakijaribu kwa watoto wa palepale, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kinapima mwendo wa mwili, na jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana, kwa watoto wa miezi 6 mpaka 35. Amina Abubakar alipata uzamivu wake Tilburg, Uholanzi, na leo ni profesa Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Wengi wanaosoma fani hii kwetu huishia kwenye ushauri elekezi: shirika linataka ripoti, una wiki mbili, hojaji ina maswali mengi, gari linasubiri nje na injini inanguruma. Mama anajibu anachofikiri mnataka kusikia. Kijana anajaza, anashukuru, anaondoka. Hela inalipa kodi ya nyumba, siwezi kumlaumu. Ila hiyo ni kazi ya kuhesabu kaya, na tusiite utafiti wa makuzi ya mtoto. Kama mimi ningekuwa na fungu la fedha mkononi, ningemlipa msomi mmoja mwenye subira akae na nyumba 20 kwa mwaka mzima kabla ya kuwalipa kumi wazunguke mikoa 20 kwa mwezi.

Na ningempa pa kuanzia. Mwaka 1986 watafiti wawili, Kermoian na Leiderman, walichapisha kazi yao ya nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya, ambako mtoto mchanga hulelewa na mama pamoja na mtoto mkubwa aliyepewa kazi ya kumbeba. Walikuta mfungamano wa mtoto na mama ulihusiana na lishe yake, yaani alivyoshiba na kunenepa. Mfungamano wake na yule mlezi mdogo ndio uliohusiana na ukuaji wa akili. Fikirini hilo jambo. Mwenye kumchezesha, kumwonyesha kuku na magari, kumjibu anapobwabwaja, alikuwa mtoto wa miaka michache tu zaidi yake.

Sasa njooni mijini kwetu, Sinza, au Buruburu, au Ntinda. Saa moja asubuhi mama yuko kwenye foleni ya magari. Baba vilevile. Mtoto wa mwaka mmoja yuko nyumbani na dada wa kazi, binti wa miaka 17 au 18 aliyetoka mkoani miezi minne iliyopita. Mpaka saa moja jioni, yeye ndiye sura, sauti na mikono. Kesho akigombana na mwajiri wake kuhusu mshahara, ataondoka na begi lake, na mwingine ataletwa. Mtoto atalia siku mbili tatu. Tutasema ana meno.

Msomi wetu akianzia hapo atakuta kazi ngumu tangu mlangoni. Mwenye nyumba atataka kujua kama huyu mgeni anakuja kumpeleleza. Binti ataogopa kwamba yanayoandikwa yatamfikia bosi. Fomu ya ridhaa ya chuo itaomba saini ya mzazi wa mtoto, na saini ya binti huenda hakuna atakayekumbuka kuiweka. Itabidi kwanza aende kubishana na kamati ya maadili ya chuo chake iongeze mstari mmoja.